"Kipeo cha Ngapi?": Dhana ya Logi katika Aljebra na Lugha ya Mwanafunzi wa Ipyana

1.0 Utangulizi

Suala la lugha ya kufundishia nchini Tanzania limeandikwa sana. Tangu Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari, wanaisimu na wanaelimu wamelijadili pendekezo hilo kwa upande wa sera, gharama, vitabu na mitazamo ya wazazi. Ni mara chache, hata hivyo, mjadala huo umeteremka hadi kwenye dhana moja ya somo moja na kuuliza: je, lugha inafanya nini hasa pale mwanafunzi anapojaribu kuielewa dhana hiyo? Makala haya yanakusudia kufanya hivyo kwa dhana ya logi, yaani logarithimu, jinsi inavyofundishwa katika aljebra ya sekondari. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kina namna ya kuuliza swali ambalo logi ni jibu lake, na kwamba namna hiyo ni nyepesi na ya kawaida kuliko ile inayopatikana katika vitabu vya Kiingereza. Lakini mwanafunzi huikuta logi ikiwa imekwisha kuvuliwa swali hilo, na ndipo anapobaki na alama asiyojua inauliza nini.

Mahali palipochukuliwa kuwa mfano ni Ipyana, kata iliyo katika tambarare ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Ipyana si mahali pageni katika historia ya elimu: Wamoravian walifungua kituo cha misheni hapo mwaka 1894, miaka mitatu baada ya kile cha Rungwe, na kusoma na kuandika kulianza katika Kinyakyusa. Mtoto anayekua hapo leo hupitia lugha tatu. Nyumbani husikia Kinyakyusa. Shule ya msingi humfundisha hesabu kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza hukuta hesabu zilezile zikisemwa kwa Kiingereza. Kwa mujibu wa muhtasari wa hisabati wa mwaka 2005, logi ilipangwa kufundishwa Kidato cha Pili, mwaka uleule ambao mwanafunzi hujifunza vipeo na vipeuo. Katikati ya mada hizo zikawekwa aljebra na milinganyo ya kipeo cha pili. Kwa hiyo dhana tatu ambazo, kama itakavyoonyeshwa, ni pande tatu za jambo moja, humfikia zikiwa zimetengana kwa muda wa majuma mengi na kwa lugha ambayo bado anajifunza.

2.0 Kipeo na kipeuo

Inafaa kuanza na maneno ambayo mwanafunzi anayo tayari. Kitenzi -pea, kwa maana ya kufikia ukomo au ukamilifu (si kile cha kumpatia mtu kitu), ndicho shina la nomino upeo na kipeo. Mhakiki wa fasihi huzungumzia kipeo cha hadithi, yaani pale ambapo mgogoro umefika juu kabisa. Mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi hulitumia neno hilohilo: kipeo cha pili cha 5 ni 25, kipeo cha tatu cha 2 ni 8. Kisha humfundisha mtoto njia ya kurudi: kipeuo cha pili cha 25 ni 5.

Jozi hii, kipeo na kipeuo, ni ya kuvutia kwa mwanamofolojia. Umbo la kipeuo linafuata kauli ya kutendua, ile inayotupatia fungua kutokana na funga, zibua kutokana na ziba, tegua kutokana na tega. Kiambishi -u- katika kauli hiyo ni mabaki ya -ul- ya kale. Kiswahili kimeidondosha -l-, ilhali Kinyakyusa, kama lugha nyingine nyingi za Kibantu, kingali kinayo. Kwa maneno mengine, mtoto wa Ipyana anayesikia kipeo na kipeuo hasikii majina mawili yasiyohusiana. Anasikia tendo na kutenduliwa kwake, na uhusiano wa namna hiyo upo pia katika lugha aliyonyonya kwa mama yake. Istilahi chache sana za hisabati zina bahati hiyo. Katika Kiingereza, jina la kipeo na jina la kipeuo hayana uhusiano wowote wa kimaumbo, na mwanafunzi hana budi kukariri kwamba kimoja ni kinyume cha kingine.

Hata hivyo, kipeo kina doa ambalo lazima litajwe. Tunaposema "kipeo cha tatu cha 2 ni 8", neno kipeo linataja tokeo, yaani 8. Lakini mwalimu huyohuyo akiandika 2³ ubaoni, huielekezea fimbo ile 3 ndogo iliyo juu na kusema, "Hiki ndicho kipeo." Mara kipeo ni tokeo, mara ni namba inayoonyesha daraja la tokeo. Katika sehemu zinazofuata, namba 8 itaitwa tokeo kila itakapohitajika kutofautishwa, na namba 2, ile inayozidishwa kwa yenyewe, itaitwa kitako. Neno hili la pili halihitaji kuundwa: kila aliyesoma shule ya msingi anajua kwamba eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Kinachobebwa ni kilekile. Tofauti ni kwamba hapa kitako kinabeba kipeo badala ya kubeba kimo.

3.0 Kinyume cha pili

Kujumlisha kuna kinyume kimoja, kutoa. Kuzidisha kuna kinyume kimoja, kugawanya. Mwanafunzi aliyezoea utaratibu huu hutarajia kwamba kupandisha kipeo nako kuna kinyume kimoja, na anapopewa kipeuo huona kazi imekwisha. Haijaisha, na sababu yake ni rahisi. 2 + 3 ni sawa na 3 + 2, na 2 × 3 ni sawa na 3 × 2; kwa hiyo namba yoyote kati ya hizo mbili ikipotea, hutafutwa kwa njia ileile. Lakini 2³ ni 8 na 3² ni 9. Hapa nafasi mbili si sawa. Ikipotea namba ya chini, swali ni moja. Ikipotea namba ya juu, swali ni jingine kabisa.

Ikipotea namba ya chini, tunajua kwamba kitu fulani kilipandishwa hadi kipeo cha tatu kikawa 8, na tunakitafuta: hicho ni kipeuo cha tatu cha 8, nacho ni 2. Ikipotea namba ya juu, tunajua kwamba 2 ilipandishwa ikawa 8, na tunatafuta ilipandishwa hadi wapi. Jibu ni 3, na jina la jibu hilo ni logi ya 8 kwa kitako 2, ambayo huandikwa log₂8. Hakuna zaidi ya hapo katika maana ya msingi ya logi. John Napier, aliyechapisha majedwali ya kwanza mwaka 1614, aliunda jina lake kutokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya uwiano na namba. Ni jina zuri kwa aliyejua alichokuwa akikifikiria, lakini halimwambii kitu mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza.

Kiswahili kilitumia kauli ya kutendua kwa kinyume cha kwanza, na kinyume cha pili kikaachiwa neno la kukopa. Hakuna kosa katika kukopa. Kupendekeza hapa neno jipya la kuchukua mahali pa logi kungekuwa kuongeza mzigo bila kupunguza ugumu. Muhimu ni kutambua kwamba mwanafunzi hapewi na umbo la neno logi ule msaada aliopewa na kipeuo, na kwa hiyo msaada huo unapaswa kutoka mahali pengine. Unapatikana katika sintaksia.

Mtoto wa Kitanzania huulizwa tangu akiwa mdogo, "Wewe ni mtoto wa ngapi kwa mama yako?" Hujibu, "Wa tatu." Katika historia huulizwa, "Ali Hassan Mwinyi alikuwa rais wa ngapi?" Hujibu, "Wa pili." Muundo wa -a ngapi huuliza nafasi katika mfuatano, si idadi, na ni muundo ambao Kiingereza hakina neno moja la kuutafsiri, Mwingereza hulazimika kuzunguka kwa maneno mengi ili aulize kitu ambacho kila Mswahili hukiuliza kwa pumzi moja. Na kwa kuwa Kiswahili husema "kipeo cha pili", "kipeo cha tatu", "kipeo cha nne", swali la logi limekwisha kuandaliwa na lugha yenyewe:

8 ni kipeo cha ngapi cha 2?

Cha tatu. Basi log₂8 = 3. 81 ni kipeo cha ngapi cha 3? Cha nne; log₃81 = 4. 1000 ni kipeo cha ngapi cha 10? Cha tatu; log₁₀1000 = 3. Zingatia kwamba katika swali hili neno kipeo limebaki katika maana yake ya shule ya msingi, yaani tokeo, na nafasi ya tokeo hilo katika mfuatano ndiyo logi. Ile mikanganyo ya matumizi mawili iliyotajwa katika 2.0 inajitatua: tokeo ni kipeo, na ungapi wake ni logi.

Kwa swali hili mambo mawili ambayo kwa kawaida hukaririwa huwa wazi. Kwa nini log₂1 ni 0? Kwa sababu mfuatano 8, 4, 2 ukiteremshwa kwa kugawanya kwa 2 hufika 1, na nafasi zake, 3, 2, 1, hufika sifuri. Kwa nini hakuna logi ya 0? Kwa sababu kuteremka kunaendelea, nusu, robo, thumni, na nafasi zinakuwa hasi moja, hasi mbili, hasi tatu, bila mfuatano kufika sifuri hata siku moja. Sifuri si kipeo cha ngapi chochote cha 2.

4.0 Mtego wa "ya"

Kila mwalimu wa hisabati anayajua makosa mawili yafuatayo. La kwanza ni kuandika kwamba log(4 + 8) ni sawa na log 4 + log 8. La pili ni kukutana na log 8 juu ya log 2, kufuta neno log juu na chini, na kuandika 4. Makosa haya yamezoeleka kuelezwa kwa uzembe wa mwanafunzi au kwa udhaifu wa Kiingereza chake. Maelezo hayo hayatoshelezi, kwa sababu makosa yenyewe ni ya kimantiki: ni yale hasa ambayo mtu angeyafanya kama angeamini kwamba log ni namba inayozidisha kile kinachoifuata. Ikiwa log ni kizidisho, basi ni halali kuitawanya ndani ya mabano, na ni halali kuifuta juu na chini.

Imani hiyo inatoka wapi? Sehemu yake inatoka katika Kiswahili cha shule ya msingi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba "nusu ya 8" ni ½ × 8, na kwamba "robo tatu ya 20" ni ¾ × 20. Huambiwa waziwazi kwamba "ya" maana yake ni kuzidisha. Fundisho hilo ni sahihi kwa sehemu, na hukaa kichwani pamoja na MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kisha mwanafunzi huyo, ambaye bado anafikiri kwa Kiswahili hata kama daftari lake limeandikwa kwa Kiingereza, anasoma log 8 na kuifasiri kichwani kuwa "logi ya 8". Ile "ya" inafanya kazi yake ya zamani. Kihusishi -a unganifu, kama wanasarufi wanavyojua, kina maana nyingi mno: umiliki katika "kitabu cha Juma", maada katika "kikombe cha udongo", nafasi katika "siku ya tatu". Hisabati ya shule ya msingi imeteua maana moja na kuipa cheo.

Dawa ya kosa hili si kumkataza mwanafunzi kufikiri kwa Kiswahili. Ni kumpa tungo ambayo "ya" haimo. Akiulizwa "12 ni kipeo cha ngapi cha 2?", hapana mahali pa kuzidisha wala kutawanya. Ataona kwamba kipeo cha tatu ni 8 na cha nne ni 16, na 12 ipo katikati. Jibu lolote litakuwa kati ya 3 na 4. Sasa atazame kosa lake: log₂4 ni 2 na log₂8 ni 3, jumla yake 5. Nafasi ya tano ni ya 32, na 32 ni 4 × 8, si 4 + 8. Kanuni ya kweli imejitokeza bila kuhubiriwa: namba mbili zikizidishwa, nafasi zake hujumlishwa. Vivyo hivyo kuhusu log 8 juu ya log 2. Tukitumia kitako 10, 8 imo katika nafasi 0.9031 na 2 imo katika nafasi 0.3010. Kugawanya ya kwanza kwa ya pili ni kuuliza hatua za urefu wa 0.3010 zinaingia mara ngapi katika 0.9031. Zinaingia mara tatu, ukiacha kipande kidogo kilichosababishwa na kukadiria hadi desimali nne. Jibu ni 3, kwa kuwa 8 ni kipeo cha tatu cha 2, na badiliko la kitako halikubadilisha ukweli huo.

5.0 Kukokotoa thamani

Hadi hapa swali la "cha ngapi" limetumika kwa namba zinazokubali. Pingamizi lililo dhahiri ni kwamba hakuna mtu anayejibu kuwa yeye ni mtoto wa mbili na nusu. Lugha ya mfuatano huhesabu nafasi kamili, na logi nyingi si kamili. Pingamizi hili ni la haki na halipaswi kufunikwa. Ndipo mahali ambapo mwalimu hana budi kuvuka kutoka lugha ya kawaida kwenda lugha ya hisabati, na ni afadhali avuke kwa daraja kuliko kwa kuruka.

Daraja lipo, nalo ni kipeuo. Tuulize: 3 ni kipeo cha ngapi cha 9? Ni ndogo kuliko kipeo cha kwanza, 9, na kubwa kuliko kipeo cha sifuri, 1. Lakini 3 × 3 ni 9. Nafasi ya 3 ikijumlishwa na yenyewe ni lazima iwe 1. Kwa hiyo nafasi hiyo ni nusu. Kipeuo cha pili, basi, ni kipeo cha nusu, na vile vinyume viwili vilivyotenganishwa katika 3.0 vinakutana tena. 27 ni kipeo cha ngapi cha 9? 27 ni 9 × 3, nafasi 1 jumlisha nafasi ½. Jibu ni moja na nusu. Mwanafunzi aliyefika hapa hawezi kushtushwa tena na desimali. Anajua kwamba kati ya ngazi na ngazi pana mahali pa kukanyaga.

Kwa namba nyingine hutumika majedwali. Henry Briggs alimtembelea Napier huko Edinburgh mwaka 1615, wakaafikiana juu ya manufaa ya kitako 10, na kazi kubwa ya Briggs ilichapishwa mwaka 1624. Kazi ya majedwali wakati huo ilikuwa kuwapunguzia wanafalaki na mabaharia mateso ya kuzidisha namba ndefu. Vikokotoo viliimaliza haja hiyo duniani, lakini katika mtihani wa hisabati wa Kidato cha Nne nchini Tanzania vikokotoo havikuruhusiwa kwa miaka mingi na kitabu cha majedwali kiliendelea kuwa juu ya dawati la mtahiniwa, mtihani ambao watahiniwa walio wengi wamekuwa wakishindwa.

Jedwali la logi lina siri moja tu: linatoa sehemu ya desimali, na sehemu nzima mtafutaji hujipatia mwenyewe. Kwa 500, jedwali husomwa penye 5 na kutoa 0.6990. Je, 500 iko kati ya vipeo vya ngapi vya 10? Kati ya cha pili, 100, na cha tatu, 1000. Sehemu nzima ni 2, na log 500 = 2.6990. Kukadiria huku kabla ya kufungua jedwali ndiko kunakomlinda mtu. Asiyekadiria hupata 0.6990 au 5.6990 na haoni ajabu.

Ugumu wa kweli uko chini ya moja. 0.05 iko kati ya 0.01, kipeo cha hasi mbili, na 0.1, kipeo cha hasi moja. Kuteremka hadi ngazi ya hasi mbili na kupanda 0.6990 hutupa hasi 2 jumlisha 0.6990, yaani hasi 1.3010. Vitabu vina desturi ya kuandika 2 yenye mstari juu yake, ikifuatwa na .6990, na mstari huo unahusu 2 peke yake. Mwanafunzi huuona mstari, hukumbuka alama ya kutoa, na kuandika hasi 2.6990. Hilo si kosa dogo la uandishi: hasi 2.6990 ni logi ya 0.002, na mkokotoaji amepoteza sehemu ishirini na nne kati ya ishirini na tano za namba yake. Kusoma kwa sauti "hasi mbili, jumlisha nukta sita tisa tisa sifuri" hulizuia kosa hili vizuri kuliko onyo lolote, maana neno jumlisha huutenga mstari na desimali.

6.0 Logi katika tambarare ya Kyela

Mifano ya vitabuni hupenda fedha zilizowekwa benki. Mwanafunzi wa Ipyana ana mifano iliyo karibu zaidi, na miwili inastahili kuelezwa kwa urefu.

Wa kwanza ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 174,470 katika wilaya ya Kyela, na ile ya 2012 ikahesabu 221,490. Tuseme ongezeko lilikuwa la kiwango kimoja kila mwaka, na kizidisho cha mwaka kiwe k. Basi 174,470 × k¹⁰ = 221,490. Hapa iliyopotea ni namba ya chini, kwa hiyo swali ni la kipeuo, kipeuo cha kumi. Lakini hakuna mtu anayekitafuta kwa mkono, na logi hukifanya kuwa suala la kugawanya kwa 10. Kwa jedwali la desimali nne, log 221,490 ni 5.3454 na log 174,470 ni 5.2418. Tofauti ni 0.1036, sehemu yake ya kumi ni 0.01036, namba yenye logi hiyo ni takriban 1.024. Watu wa Kyela waliongezeka kwa wastani wa kama asilimia 2.4 kwa mwaka.

Sasa swali la mipango, lile ambalo afisa wa elimu au wa afya angelipenda: kwa kasi hiyo, watu wangekuwa maradufu baada ya miaka mingapi? Hapa iliyopotea ni namba ya juu. 2 ni kipeo cha ngapi cha k? Jibu ni 0.3010 kugawanywa kwa 0.01036, ambayo ni kama 29. Mtu anayefikiri kwa kujumlisha angesema: watu 47,020 waliongezeka katika miaka kumi, basi 4,702 kwa mwaka, na ili kuongeza 174,470 itahitajika miaka 37. Tofauti ya miaka minane kati ya majibu haya ni tofauti kati ya darasa lililojengwa kwa wakati na watoto wanaokaa chini ya mwembe. Ni kweli kwamba hakuna wilaya inayodumisha kasi moja kwa miaka 29, na takwimu ya muongo mmoja haipaswi kuchukuliwa kuwa utabiri. Lakini kosa la kudhani kwamba watu huongezeka kwa kujumlisha ni la aina nyingine, kwa kuwa ni kosa kuhusu jinsi jambo lenyewe linavyotendeka.

Mfano wa pili ni matetemeko. Kyela imo katika bonde la ufa. Mwezi Desemba 2009, ng'ambo ya Mto Songwe, eneo la Karonga nchini Malawi lilikumbwa na mfululizo wa matetemeko. Lile la tarehe 6 lilikuwa na ukubwa wa 5.8, na lile la tarehe 19 ukubwa wa 6.0. Kwa lugha ya magazeti hizi ni namba mbili zinazokaribiana sana. Lakini kipimo cha matetemeko, tangu kile cha kwanza cha Charles Richter cha mwaka 1935, ni kipimo cha logi chenye kitako 10. Kinachotajwa si mtikisiko wenyewe, bali ni ungapi wake. Kwa upande wa nishati, hatua moja ya kipimo ni sawa na 1.5 katika logi. Tofauti ya 0.2 kati ya matetemeko hayo ni 0.3 katika logi ya nishati, na aliyezoea majedwali ataitambua 0.3 papo hapo: ni logi ya 2. Tetemeko la tarehe 19 lilitoa nishati kama mara mbili ya lile la tarehe 6.

Hapa Kiswahili, kilichosaidia katika 3.0, hakisaidii. Neno ukubwa, katika "tetemeko la ukubwa wa 6.0", humfanya msikilizaji apime kama anavyopima shamba au gunia la mpunga: la ukubwa wa 6 ni maradufu ya la ukubwa wa 3. Istilahi yenye kusema kweli ingekuwa daraja, kwa kuwa daraja ni nafasi, na mtu hatarajii kwamba darasa la sita lina wanafunzi maradufu ya darasa la tatu. Tarehe 13 Desemba 1910, eneo la Rukwa, lililo katika mfumo huohuo wa bonde la ufa, lilipata tetemeko lililokadiriwa kuwa la 7.4, miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa Afrika Mashariki. Likilinganishwa na lile la Karonga la 6.0, tofauti ni 1.4. Zidisha kwa 1.5, unapata 2.1. Sehemu nzima ni 2, kwa hiyo jibu liko kati ya 100 na 1000. Sehemu ya desimali ni 0.1, ambayo jedwali linaipa namba 1.259. Nishati iliyotoka Rukwa mwaka 1910 ilikuwa kama mara 126 ya ile iliyotoka Karonga tarehe 19 Desemba 2009.